Mzee aage mtaa kwa kinywa chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye wazazi Tanga wanaokusudia kuwahamishia Dar es Salaam, Arusha au kokote wanakofanya kazi. Kumchukua mzazi si kosa. Miguu ikishachoka na macho yakififia, mzee anahitaji mtu wa kulala naye nyumba moja. Kosa liko katika namna ya kumwondoa. Gari linafika Ijumaa usiku, Jumapili alfajiri mzee yuko njiani, ameambiwa "tunakwenda kutembea wiki mbili tu", na mtaa unapata habari siku wapangaji wanapoteremsha vitanda vyao. Mtu aliyekaa Ngamiani miaka 50 hang'olewi hivyo. Apewe miezi 3, na mwenyewe ajue tangu siku ya kwanza kwamba anahama.

Miezi 3 inahitajika kwa kuwa mikononi mwa mzee kuna mambo ya watu wengine, na hayamaliziki kwa siku mbili. Zito kuliko yote ni amana. Wazee wetu, hasa kina mama, ndio benki ya majirani. Ndani ya kasha mna herini za binti wa nyumba ya tatu, fedha za mtu aliyesafiri, karatasi ya kiwanja cha mjane anayewaogopa mashemeji zake. Hakuna kilichoandikwa, vyote vimo kichwani mwa mwenye kasha. Mtoto akilipakia lilivyo, amana imechanganyika na mali ya mzee, na siku mzee akifariki itahesabiwa kwenye mirathi. Wenyewe watakuja kudai bila ushahidi, na wataitwa waongo.

Kwa hiyo mzee akae na mtu anayemwamini, asubuhi akiwa hajachoka, na daftari moja. Watoe kitu kimoja kimoja na kuandika ni cha nani, kililetwa lini, kina alama gani. Msifanye zaidi ya saa moja kwa siku, maana kumbukumbu ya mzee ikiharakishwa inaruka. Kisha mwenye amana aitwe, akabidhiwe mbele ya shahidi, atie saini au dole gumba. Ambaye hapatikani, amana yake ipelekwe kwa mzee mwingine wa mtaa huohuo na daftari lionyeshe hivyo. Isihamie mji mwingine. Vivyo hivyo vyombo vya shughuli vinavyohifadhiwa uani kwake: masufuria makubwa, masinia, majamvi. Hesabuni na mifuniko, maana ndiyo inayopotea kwanza.

Kwenye upatu, kama ameshapokea zamu yake, amalize michango iliyobaki kabla ya kuondoka. Kama hajapokea, kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, aombwe kumsogeza mbele, au nafasi yake ichukuliwe na mtu mwingine anayemrudishia alichokwisha kutoa. Watoto wengi hawajui kabisa kama mama yao anacheza upatu. Muulizeni.

Kuna jingine ambalo halionekani kasha likifunguliwa: ushahidi. Mara nyingi mzee huyu ndiye pekee aliyebaki anayejua mwembe uliokuwa mpaka wa viwanja viwili ulisimama wapi, au aliyekuwapo mtu fulani alipozaliwa nyumbani bila cheti. Kwa mipaka, majirani wa pande zote mbili waende naye mahali penyewe pamoja na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Aonyeshe, iandikwe, wote watie saini, kila upande ubaki na nakala. Kwa mambo ya kuzaliwa, ale kiapo cha maandishi mbele ya hakimu au wakili angali na nguvu za kufika huko. Akishahama, nauli ya kumfuata itamlemea anayehitaji ushahidi wake.

Sasa chama cha kuzikana, ambacho watoto hukidharau kwa kuona mchango ni mdogo. Mzee amekichangia miaka na miaka akijua siku yake ikifika sanda, jeneza na turubai havitamshinda mtu. Akihama na michango ikasimama, vyama vingi humfuta baada ya miezi kadhaa. Someni katiba ya chama chake: je, inamruhusu mwanachama anayeishi nje ya mji? Ikiruhusu, achaguliwe mtu mmoja mwenye jina na simu inayojulikana kwa mweka hazina, atume mchango kila mwezi kwa simu. Isiporuhusu, ombeni barua ya kumtambulisha kwa chama cha huko aendako, akajiunge angali mzima. Waumini wa Kikatoliki wachukue barua ya jumuiya na parokia, Walutheri ya usharika. Mgeni asiyejulikana na jumuiya huleta usumbufu mkubwa siku ya msiba.

Na mzee aulizwe wazi anataka kuzikwa wapi. Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350, na Uislamu unataka maiti aharakishwe kuzikwa. Wengi wakielezwa hivyo husema wazikwe watakapofia, wengine watataka mahali pengine. Lake liandikwe. Wasia wa maandishi kwa sheria ya kimila unataka mashahidi wasiopungua 2 kama mwenye wasia anajua kusoma na kuandika, na wasiopungua 4 kama hajui. Kwa sheria ya Kiislamu wasia wa mali hauvuki theluthi moja na haumhusu mrithi. Nakala inaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Kwa mjane Mwislamu, eda ni miezi 4 na siku 10, na asili ni kuikalia nyumbani kwa mumewe. Kumpakia kwenye gari baada ya hitima ni kumnyima hiyo eda na majirani wanaomliwaza humo. Ukitaka miezi ya maandalizi, ndiyo hiyo.

Kuaga kwenyewe kusiwekwe siku ya safari. Mabegi yakiwa nje na dereva anapiga honi, watu wanalia, presha inapanda, dawa zinasahaulika dirishani. Mzee aanze na wagonjwa wasioweza kutoka, nyumba 2 au 3 kwa siku, kabla ya saa 4 asubuhi jua halijakaza. Huko ndiko radhi za kweli hutakwa, watu wawili wakiwa peke yao. Kisha dua au sala ya pamoja baada ya alasiri, siku 2 au 3 kabla ya kuondoka. Kwa watu 50, kilo 7 za mchele na kilo 5 za nyama zinatosha, pamoja na kahawa. Mzee akae kwenye kiti chenye mgongo, watu wamfuate alipo, na shughuli isizidi muda wa saa 2. Aseme mwenyewe, hata kwa sauti ya chini: ananidai nani, namdai nani, nimewasamehe, nisameheni. Mtoto asimsemee.

Ya ofisini ni mepesi. Barua ya mtaa anaotoka ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa aendako. Kitambulisho cha matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hutolewa na halmashauri, kwa hiyo aendako muanzie ofisi ya ustawi wa jamii. Dawa ziwe za siku 30, kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na kadi ya kliniki. Dawa ya presha ikikatika ghafla ni hatari. Insulini iwekwe kwenye chupa ya baridi lakini isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika. Njiani wazee hukataa maji wakiogopa kukosa choo, wakafika wana kizunguzungu. Waahidini kusimama, na msimame.

Aendako alale kwenye kitanda chake cha zamani, ashukie upande uleule aliozoea, na taa ndogo iwake hadi chooni. Msala, mto, redio na mbuzi ya kukunia nazi viende naye hata kama huko vipo vipya. Mwenye kumbukumbu iliyoanza kuyumba huchanganyikiwa zaidi jioni katika nyumba ngeni, na vitu hivyo humrudisha.

Nyumba ya Tanga isiuzwe mwaka wa kwanza. Akae ndugu au mpangaji wa chumba kimoja, chumba cha mzee kibaki na kufuli lake. Ikikaa tupu, mchwa wataingia, na kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021 itajilimbikiza hadi atakayenunua umeme ashangae.

Simu yake ibaki na namba ileile, na majina 10 ya mtaani yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadibodi ukutani. Wekeni siku moja ya kupiga, kwa mfano Ijumaa baada ya alasiri, na wa Tanga awekewe vocha, kwa kuwa wazee wenzake wataona aibu kuomba. Safari ya kwanza ya kurudi kuwatembelea ipangwe kabla hajaondoka, iwe kabla ya miezi 4 kwisha tangu ahame, na tarehe yake itangazwe siku ileile ya dua, majirani wote wakisikia.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga