Mtambo unapodai mlio wa ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi hulicheka likapita, nami naona linastahili kutazamwa kwa makini: makosa ya mitambo inayolinganisha video na sauti zinazopakiwa mtandaoni na kazi zenye hakimiliki.

YouTube ilianzisha mtambo wake, uitwao Content ID, mwaka 2007. Mwenye haki hukabidhi nakala ya kazi yake, mtambo ukahifadhi alama zake, kisha kila video inayopakiwa hupimwa kwa alama hizo. Zikifanana, mwenye haki anaweza kuizuia video hiyo au kuchukua mapato ya matangazo yake. Wasanii wetu wanaoibiwa nyimbo wanauhitaji ulinzi huo, wala siupingi.

Ninachopinga ni namna mashauri yanavyoamuliwa. Mwaka 2012 mtu mmoja alipakia video akichuma majani pori ya kachumbari, bila muziki wowote, ndege wakilia nyuma yake. Mtambo ukaamua kwamba milio ile ni muziki unaosimamiwa na kampuni ya Rumblefish. Alipoweka pingamizi, pingamizi lenyewe lilipelekwa kwa Rumblefish, nao wakashikilia kwamba ni mali yao, hadi habari ilipozagaa mtandaoni ndipo walipokiri kosa. Yaani mdai ndiye aliyekuwa hakimu, na hakuna baraza la wazee popote litakalokubali utaratibu wa namna hiyo.

Januari 2018 mwanamuziki mmoja wa Australia alijikuta na madai matano juu ya video yake yenye urefu wa saa 10 na mvumo mtupu, ule wa redio isiyoshika stesheni, alioutengeneza mwenyewe kwa kompyuta. Mwaka huohuo mpiga piano wa Uingereza, James Rhodes, alijirekodi nyumbani akipiga kipande cha Bach na kukiweka Facebook, na sekunde 47 za rekodi hiyo zikazimwa sauti kwa sababu zilifanana na kazi ya kampuni ya muziki ya Sony. Bach, mtunzi wa Kijerumani, alifariki mwaka 1750, kwa hiyo tungo zake hazina hakimiliki tena. Pingamizi la Rhodes lilikataliwa kwanza, na alipewa haki yake baada ya kulalamika hadharani mbele ya maelfu ya wafuasi wake.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Rhodes alikuwa na sauti ya kusikika. Kijana wa Pangani anayerekodi ngoma ya bibi zake, au mwalimu wa madrasa anayepakia kaswida za wanafunzi wake, hana wafuasi wa kumpigia kelele. Akiletewa dai kwa Kiingereza cha kisheria, na kuonywa kwamba pingamizi la uongo linaweza kufungisha akaunti, ataifuta kazi yake na kunyamaza, na ngoma ile itahesabiwa kuwa ya mtu mwingine.

Naomba, kwa hiyo, kampuni hizi ziweke binadamu asiye na maslahi wa kusikiliza pingamizi kabla ya mapato kuhamishwa au sauti kuzimwa. Na naiomba COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, pamoja na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kwa majirani zetu, zifungue dawati la kuwasaidia watu wa kawaida kuandika pingamizi hizo, na maelezo yake yatolewe kwa Kiswahili.

Msomaji wako,
Tanga