Rafiki mwenye saratani ya damu asiachwe peke yake

Mhariri,

Rafiki yetu kijana alipogundulika kuwa na lukemia, yaani saratani ya damu, watu walifurika kumjulia hali. Sasa simu yake haiiti. Wapo hata wanaodhani ugonjwa huu unaambukiza. Hauambukizi! Huanzia ndani ya uboho wa mifupa, damu inakotengenezwa.

Aina inayowapata zaidi watoto hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3, hivyo urafiki nao unataka subira. Dawa zenyewe hushusha kinga: mwenye mafua asiende, apige simu tu. Homa ya mwenye saratani ikifika nyuzi 38, akimbizwe hospitali usiku huohuo, asingoje kupambazuke.

Kubwa zaidi ni damu ya kumwongezea mgonjwa. Chembe sahani, zinazozuia kuvuja damu, huhifadhiwa siku 5 hadi 7 tu, kwa hiyo wachangiaji wanahitajika kila wakati.

Tukimtembelea, tuache kumwambia ajikaze. Anachotaka ni habari za mpira na darasani, kama zamani. Juzi alicheka hadi kofia ikamdondoka. Wenzake, mtumieni ujumbe leo, hata asipojibu. Siku za dawa huwa hana nguvu hata ya kushika simu.

Rafiki yake