Risala ya Umoja wa Madereva kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Malipo ya Barabara kwa Kilomita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa meza kuu,
Ndugu wanachama na waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Umoja huu unawaunganisha madereva wa teksi, bajaji na malori wa hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa mambo ya kuweka na kukopa tumeyamaliza asubuhi, risala hii inabeba jambo moja tu: namna dereva atakavyoilipia barabara mafuta yatakapokuwa si kipimo tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hadi mwaka 2017 kila mwenye gari alidaiwa ada ya mwaka ya leseni ya gari, liwe linatembea au limewekwa juu ya mawe uani, na wapo wenzetu waliolimbikiziwa deni la magari yaliyokuwa yameota kutu. Bajeti ya mwaka huo iliifuta ada hiyo, ikaongeza Sh40 katika kila lita ya mafuta. Dereva wa teksi anayeweka lita 10 kwa siku hulipa Sh400 za nyongeza hiyo bila kupanga foleni wala kujaza fomu, na asipotoka nyumbani halipi kitu. Sisi tuliupokea utaratibu huo kwa sababu anayelipa ni anayetembea, na Mfuko wa Barabara nao umeendelea kutegemea zaidi tozo inayokatwa sheli.

Lakini leo, nje ya ukumbi huu, zimeegeshwa bajaji mbili za wanachama wetu wanaofanya njia moja, ya Tegeta hadi Bunju. Moja ni ya petroli, nyingine imefungwa mtungi wa gesi. Zinapita mashimo yaleyale na kubeba abiria walewale, ila ya pili haigusi tozo ya petroli kabisa. Serikali ililiona pengo hilo, ndiyo maana katika bajeti ya Juni 2024 lilikuja pendekezo la kutoza Sh382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, nasi tulilalamika, maana wengi walikuwa bado wanalipa mkopo wa kufunga mitungi. Hata hivyo gesi angalau ina pampu. Gari la umeme litachajiwa nyumbani, na Luku haiwezi kutofautisha uniti za pasi na uniti za gari.

Wenzetu wa nje wameanza kuhesabu umbali. Jimbo la Oregon nchini Marekani, ambalo mwaka 1919 lilikuwa la kwanza nchini humo kutoza kodi ya petroli, lilianzisha Julai 2015 mpango wa hiari ambamo dereva alilipa senti 1.5 kwa kila maili na kurudishiwa kodi ya mafuta aliyokwisha kulipa. New Zealand imetoza magari ya dizeli kwa kilomita tangu mwaka 1978: mwenye gari hununua kilomita 1,000 au zaidi kabla ya kuzitembea, akabandika kibali kwenye kioo cha mbele. Tangu Aprili 2024 magari madogo ya umeme nayo yameingizwa humo, kwa dola 76 za nchi hiyo kwa kila kilomita 1,000. Hata kwetu jambo hili si geni kabisa, kwani malori ya nje yanayopita nchini yamekuwa yakitozwa kwa umbali na idadi ya ekseli.

Hofu yetu ya kwanza ni mita. Kila aliyenunua gari lililotumika anajua kwamba kilomita hurudishwa nyuma gereji kwa muda mfupi kuliko wa kubadilisha oili, na mita ikigeuka kuwa ankara, mafundi hao watapata wateja wengi zaidi. Ya pili ni kufuatiliwa. Oregon dereva aliruhusiwa kuchagua kifaa kisichoonyesha alikopita, nasi tungependa hiari hiyo, kwa kuwa kilomita zetu ni za Serikali kuhesabu lakini safari zetu si zake.

Ya tatu ni uzito, na hapa wanachama wa malori walinuna kidogo tulipoiandika. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara 2, uharibifu wa barabara huongezeka takriban mara 16. Bajaji na semitrela haziwezi kulipa bei moja kwa kilomita.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utufikishie haya kwa wahusika. Malipo ya kilomita yakija, yaanze na magari yasiyotumia mafuta ya pampu, mita isomwe kwenye ukaguzi wa gari, na bei ifuate uzito. Zaidi ya yote, asitokee dereva anayelipa kwa lita na kwa kilomita kwa safari ileile. Ile Sh40 ilikuja badala ya ada iliyofutwa, na tungependa inayofuata nayo ije badala ya kitu, isije juu yake.

Tunaomba kuwasilisha.