Harambee ya Mwalimu wetu wa mpira wa kikapu, Jumamosi hii

Dada zetu mliochezea timu ya wasichana, wazazi, majirani: Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleikum.

Tumechelewa kuandika kwa sababu ya aibu. Mwalimu hakutulea kuombaomba. Lakini Jumanne iliyopita, saa kumi na nusu alfajiri, alitoka nyumbani Nkuhungu peku, na kitenge kimoja, filimbi shingoni, akienda uwanjani kutufundisha. Sisi hawa tuliomaliza shule zamani. Kijana wa bodaboda alimkuta kando ya barabara ya Singida, na upepo wa Dodoma mnaujua, anayapulizia malori filimbi kama wachezaji waliochelewa mazoezi. Kijana akamvika koti lake, akampakia, akazunguka naye mtaani akiuliza, "Mama huyu ni wa wapi?" mpaka binti yake akasikia. Nauli aliikataa.

Mwalimu ana miaka 57. Madaktari wamesema ni ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, ambao wengi huwapata wakishavuka 65, yeye umemwahi. Dawa hupunguza makali kwa muda, haziuondoi. Si uchawi. Na wanaonong'ona sokoni Majengo kwamba kocha "amekuwa wa Mirembe", hospitali ya wagonjwa wa akili, wanajijua. Wengine wao mabinti zao walikwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa nauli iliyotoka kwenye pochi yake.

Mnakumbuka ile picha ya gazeti ndani ya mlango wa stoo ya mipira? Yule mama wa Kimarekani, Pat Summitt, kocha wa kikapu wa wasichana wa Chuo Kikuu cha Tennessee. Kila tulipolalamika kufua jezi, Mwalimu alitupeleka mlangoni: huyu alianza ukocha mwaka 1974 akiwa na miaka 22, jezi anafua mwenyewe, gari la timu anaendesha mwenyewe, na ameshinda mechi zaidi ya elfu moja. (Alimaliza na 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8.) Halafu Agosti 2011 ikaja habari kwamba mama huyo, akiwa na miaka 59, amepatwa na ugonjwa huuhuu. Alifundisha msimu mmoja zaidi, akiwa na wasaidizi wake, na mwaka 2016 akafariki. Siku ile ya 2011 Mwalimu alituketisha kwenye saruji, akashindwa kuendelea na mazoezi. Alisema tu, "Sasa wale mabinti atawaita nani?" Juzi binti yake mwenyewe alimwita "namba saba".

Binti huyo ameacha kibanda chake cha chipsi ili amlinde mama. Analala mlangoni, godoro limeuziba mlango. Nyumba haina uzio.

Tunahitaji shilingi 7,800,000. Uzio wa tofali na geti ni 3,400,000; dada wa kumwangalia mchana, 150,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni 1,800,000, ili binti arudi kwenye chipsi zake; dawa ambazo bima haibebi pamoja na safari za kliniki ni 2,600,000. Mkononi tuna 1,365,000. Kundi letu la simu lina watu 140. Waliochanga ni 11. Waliotuma vikatuni vya mikono ya kuomba hatukuwahesabu, ila mhazini anasema hajaweza kuvipeleka benki.

Tunasema hivyo kwa upendo, maana tunawajua. Ringi ilipovunjika mlichanga kwa wiki moja, na ilikuwa chuma tu. Asiye na fedha alete mfuko wa saruji, au siku moja ya kukaa na Mwalimu. Mafundi wawili, waume wa wachezaji wetu, wameshaahidi kujenga bila kulipwa.

Namba za kuchangia ziko kwenye kadi. Kila mchango utaandikiwa risiti, na mapato na matumizi yatasomwa mbele ya wote, pamoja na ahadi ambazo hazijalipwa.

Ni Jumamosi, saa nane mchana, uani kwake. Kutakuwa na ugali wa uwele na mlenda. Ukifika, mpe shikamoo kwanza, halafu jitaje jina na namba ya jezi. Usimuulize kama anakukumbuka. Akikwambia una kilo nyingi, zunguka nyumba mara mbili, kama zamani.