Walimu wakuu, msichome vitabu

Mhariri,

Mimi nauza vitabu vikuukuu Darajani. Mwezi uliopita nilivuka kwa meli hadi Mkoani, Pemba, nikakodi pikipiki, nikapita Chake Chake na Wete mpaka Konde nikibisha hodi: kuna vitabu mnavyotaka kuuza?

Wete, bibi mmoja alinifungulia kasha la marehemu mumewe, mwalimu. Harufu ya karafuu ilitangulia. Alikuwa akizitia humo ili wadudu wasile karatasi. Chini kabisa mlikuwa na vijitabu vya East African Literature Bureau, ile taasisi ya kuchapisha vitabu iliyoanzishwa 1948. Majalada yamefifia, lakini hakuna ukurasa uliong'oka. Nilimpa elfu thelathini. Akaniambia, "Mwanangu, hivi si vya kufungia karanga." Nikaona haya, maana vingine nimewahi kuwauzia hao hao wa karanga, kwa kilo.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni skuli moja, sitaitaja. Nilifika siku moja baada ya stoo kusafishwa. Nyuma ya vyoo nikakuta jivu na nusu ya kamusi. Mlinzi akasema mtaala umebadilika. Kamusi nayo ina mtaala?

Walimu wakuu, kabla hamjawasha kiberiti bandikeni tangazo dukani, siku tatu tu. Tutakuja na magunia yetu, hata masika. Mimi narudi Pemba msimu wa karafuu ukianza, watu wakisafisha vyumba vya kuwekea mavuno.

Muuza vitabu,
Darajani, Unguja