Mguu uliochomwa na nungu wa baharini

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi kwenu Lindi, na mpe pole mdogo wako. Umeuliza kwa nini mdudu yule anaitwa nungu, na kama mguu uchanwe kwa wembe miiba itoke. Jina ni kwa sababu ya miiba tu. Wagiriki walimpa lile la kalunguyeye, echinos, na urchin, jina lake kwa Waingereza, zamani ilikuwa kalunguyeye vilevile.

Wembe, tafadhali, uwekeni mbali! Miiba mirefu ya yule nungu mweusi ni mitupu ndani na inavunjika upesi. Ukiibinya au kuichokonoa kwa sindano, inasagika humohumo nyamani. Mwiba uliochomoza uvute kwa kibano, taratibu, ukifuata upande ulioingilia. Kisha loweka mguu kwenye maji ya moto ya nyuzi kama 45, dakika 30 hadi 90, ukiongeza mengine yanapopoa. Yajaribu kwanza kwa mkono wako mwenyewe, maana mwenye maumivu anaweza kuungua asijue. Baadaye osha kwa sabuni. Vipande vidogo vya juujuu vilowekwe kwa siki mara kadhaa kwa siku. Mwiba ni chokaa, siki huuyeyusha kidogokidogo.

Vile vidoa vyeusi visiwatie hofu. Mwiba huacha rangi ya zambarau hata ukiwa umetoka wote. Doa likififia ndani ya siku 2 au 3, lilikuwa rangi tu. Likibaki na kuuma ukikanyaga, kuna kipande ndani.

Aende hospitali bila kungoja ikiwa mwiba umeingia karibu na kiungo, mguu unavimba na kutoa usaha, au ana homa. Akihema kwa shida, ni dharura. Waulize pia kuhusu sindano ya pepopunda. Uvimbe mgumu unaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye, nao ni wa daktari.

Maji ya bamvua yakipwa tena, avae viatu vya soli nene na asitie mkono kwenye pango la mwamba asiloliona ndani. Akikuta nungu mfu, amgeuze kwa kijiti: katikati chini kuna mdomo wa meno matano, ndiyo anayokwangulia mwani kwenye mawe. Adui yake mkubwa ni samaki aitwaye kikande, anayempindua na kumtoboa tumboni. Kikande wakivuliwa mno, nungu hujaa mwambani, na wapita kwa miguu ndio wanaoumia.

Niandikie vidoa vikoje kufikia Ijumaa.

Wako,
Somoe