Saa ya kusubiri mteja nayo ni saa ya kazi

Ndugu Mhariri,

Juzi mliandika kwamba spa ni biashara ya faida nono kwa sababu haina stoo ya bidhaa, ni kitanda, mafuta na mikono tu. Mimi ndo hiyo mikono. Nina miaka 11 nakanda watu, nimepita spa nne, na kuna kitu kikubwa mmekiruka ambacho naomba nikieleze, maana kila anayefungua spa anaanza na hesabu kama yenu halafu wanaokuja kuumia ni sisi.

Stoo ipo jamani, bidhaa ya spa ni saa. Na saa haikai kwenye shelfu ikasubiri kesho, saa tisa mchana ikipita kitanda kiko kitupu basi imekwenda, na kodi ya chumba kwa saa hiyo inadaiwa vilevile. Ni kama kiti cha ndege iliyoruka bila abiria. Sasa swali ni nani anabeba hasara ya hiyo saa tupu, na kwa spa tatu kati ya hizo nne jibu lilikuwa moja: mkandaji, kwa sababu analipwa komisheni tu, hajagusa mteja hajapata kitu.

Niwape Jumamosi moja ambayo sijaisahau. Nimefika saa tatu asubuhi kwa sababu shifti inaanza saa tatu na ukichelewa unakatwa, mteja wa kwanza kaja saa tano nikamkanda dakika 60, wa saa saba hakutokea wala hakupiga simu, kuanzia hapo nimekaa chumba cha taulo nakunja, najaza chupa za mafuta, nafuta vitanda, napokea simu za mapokezi kwa sababu dada wa mapokezi kaenda kula, mpaka saa kumi na moja jioni akaja mama mmoja wa dakika 90. Nimetoka saa moja usiku. Masaa kumi nipo kazini, nimelipwa mawili na nusu. Nilipomuuliza bosi akaniambia mbona ulikuwa umepumzika.

Simsemi bosi vibaya kwa kila kitu, gharama zake nazijua maana nimeziona kwa macho. Watu hawajui taulo zinavyokula hela. Kila mteja anatumia shuka mbili na taulo tatu au zaidi, mafuta yanaingia kwenye nyuzi, ukifua kwa maji ya baridi hayatoki, yanachacha, shuka inaanza kunuka hata ikiwa safi na mteja akilaza uso tu anaisikia. Halafu kuna hatari ambayo wenye spa wapya hawaambiwi, taulo yenye mabaki ya mafuta ikitoka kwenye mashine ya kukaushia bado ya moto ukaikunja na kuirundika, mafuta yanaendelea kutengeneza joto humo ndani na inaweza kuwaka yenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Lazima zipoe kwanza, na zile zilizoshiba mafuta lazima zitupwe zinunuliwe nyingine. Kwa hiyo ukiweka kodi, umeme, maji ya moto, kufua, naelewa kabisa kwa nini bosi anatafuta pa kupunguzia. Ila anapunguzia pabaya.

Maana jambo lenyewe ni kwamba kazi hii haiongezwi spidi. Watu wakisikia masaji ya Kiswidi wanamtaja Per Henrik Ling, Mswidi wa mazoezi ya viungo, lakini aliyezipanga zile namna za mikono tunazotumia, kupapasa kwa urefu, kukanda, kusugua, kugonga, anatajwa zaidi daktari Mholanzi Johan Georg Mezger wa karne ya 19, na mgongo uliochukua saa moja enzi zake unachukua saa moja hadi leo. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza tatizo hili kwa kutumia wanamuziki: muziki wa watu wanne hauwezi kupigwa na watu watatu kwa nusu ya muda, wakati kiwandani mashine mpya inaongeza mazao kila mwaka, kwa hiyo bei ya kazi ya mikono lazima iwe inapanda ukilinganisha na vitu vya kiwandani, la sivyo anayeifanya anabaki nyuma. Mimi sijasoma uchumi lakini niliposimuliwa hilo nilisema hawa wananizungumzia mimi.

Na mwili una mpaka. Shifti ya masaa nane, ukitoa dakika 15 za kubadilisha shuka, kunawa na kumpokea mwingine, kwa karatasi zinaingia saa sita za kukanda. Kwa mwili wangu nne ndo salama, tano nikijikaza, sita siku mbili mfululizo na kidole gumba cha kulia hakifungui hata kizibo. Panapouma ni pale kinapoungana na kiganja, na wenzangu wengi wanapaonyesha palepale. Tumejifunza kutumia kiwiko na mkono wa chini ili kuokoa vidole, ila shingo huwezi kuikanda kwa kiwiko. Nimeona wasichana wazuri sana kwenye kazi hii wakiacha baada ya miaka mitatu minne, wakati ndo kwanza mikono yao imeanza kusikia. Mwenye spa analia hapati wakandaji wazoefu, kumbe anawatumia mpaka wanaisha.

Halafu zikaja vocha za punguzo. Mtindo huu ulisambazwa sana na Groupon, kampuni ya kuuza vocha mtandaoni iliyoanza Chicago mwaka 2008, zikafuata nyingi za kuiga, na spa niliyokuwepo ikaingia kwenye mojawapo, jina naliacha. Hesabu yake ni hii. Bei ya kawaida tuseme 100. Vocha inauzwa 50, kampuni ya vocha inachukua nusu yake, spa inabaki na 25. Komisheni yangu asilimia 40 ilikuwa inanipa 40, sasa inanipa 10, kwa mgongo uleule, dakika zilezile, kidole kilekile. Mwezi ule kitabu cha miadi kilijaa mpaka pembeni na ndo mwezi niliopata hela kidogo kuliko yote. Bosi alitegemea wale watu watarudi kwa bei kamili, wengi wao sikuwaona tena, walienda kwenye vocha ya spa nyingine.

Kuna jingine ni gumu kuliandika lakini naliandika. Mkandaji anayelipwa kwa kichwa cha mteja hana uwezo wa kukataa mteja. Mwanaume akianza kuomba vitu ambavyo sio masaji, mimi natakiwa kusimamisha kazi na kutoka chumbani, na nikitoka nimepoteza ujira wa saa hiyo, na kama ndo mteja wangu pekee siku hiyo basi naenda nyumbani mikono mitupu. Fikirieni msichana wa miaka 20 mwenye kodi ya nyumba yuko kwenye hali hiyo peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Tunapenda kusema ni maadili, mimi nasema nusu yake ni mfumo wa malipo.

Spa ya nne, niliyopo sasa, inafanya tofauti ndo maana najua inawezekana. Tunalipwa kiwango fulani kwa kila saa tuliyopo kazini, kidogo tu, halafu komisheni juu yake ndogo kuliko za kule. Mteja akiweka miadi analipa sehemu kabla, asipotokea bila taarifa ile hela hairudi na mkandaji anapata fungu lake. Kuna uanachama wa kila mwezi, njia iliyoikuza Massage Envy, kampuni ya masaji ya Marekani, kuanzia 2002, unaojaza zile saa za mchana katikati ya wiki zilizokuwa zinakufa. Kila mkandaji mwisho wake ni wateja watano kwa siku. Na ukimtoa mteja mwenye tabia mbaya unalipwa saa yako nzima, huulizwi maswali mengi. Bei yetu iko juu kidogo ya majirani na wateja wanarudi, kwa sababu wanamkuta mkandaji yuleyule anayekumbuka bega lao la kushoto.

Kwa hiyo Mhariri, mkiandika tena kuhusu faida ya spa, muulizeni mwenye spa saa zake tupu ni ngapi kwa wiki na nani anazilipia. Na mteja unayesoma hapa, kama huji, piga simu hata masaa matatu kabla, kuna mtu amekaa chumba cha taulo anakusubiri.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkandaji